Kisima cha Uwanja wa Kenga

Waliouchagua uwanja wa Kenga hawakumuuliza Kenga. Walikuwa vijana wanne ndani ya darasa la misheni huko Frere Town, Jumamosi mchana, na kila mmoja ana moto wake wa kujenga nchi. Ulikuwa mwaka wa sitini na tatu, Uhuru umeshatajiwa tarehe, na Mombasa nzima hapakuwa na kijana aliyelala bila kuwaza atalifanyia nini taifa. Hawa wanne wakaamua kulichimbia kisima.

Wazo lilikuwa la Milcah, aliyekuwa akisomea ualimu. Alikuwa amechoka kuwaona wanawake wa Kisauni wakipita mbele ya nyumba yao na madebe kichwani kwenda kutafuta maji matamu, na alilisema hilo kwa uchungu wa kweli, tusimwonee. Ghanim, ambaye babake alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi, akaahidi saruji. Mwenyekiti wao alikuwa Awadh, mtoto wa Mzee Yeslam, na Mzee Yeslam ndiye mwenye shamba lote lile kuanzia barabara ya Malindi hadi kwenye mikorosho. Wa nne alikuwa Nguma, mtoto wa Kenga, kijana wa Kigiriama aliyemaliza darasa la nane na bado anazunguka kutafuta kazi. Nguma hukaa kiti cha nyuma, na alikuwa hajapata kutoa rai ikakubaliwa.

Siku hiyo ikakubaliwa. "Tuchimbe kwetu," alisema. "Uwanja wetu uko bondeni. Hata kiangazi migomba haikauki. Maji hayako mbali pale, wallahi."

"Wewe Mkristo, na wallahi wapi na wapi?" Ghanim akamtania. Wakacheka wote, na Nguma akacheka kuwashinda.

Milcah akauliza swali la maana. "Na mwenye ardhi je? Si shamba la babake Awadh lile?"

"Hilo niachieni mimi," akasema Awadh.

Laiti mmoja wao angeusoma uso wake! Awadh, kijana mzima mwenye ndevu, alikuwa hajapata hata siku moja kumwanzia babake mazungumzo. Kwao mtoto huitwa. Akiitwa huitika labeka, husimama karibu na mlango, hujibu aliloulizwa, huondoka. Lakini mbele ya Milcah, na yule Milcah alivyokuwa akimtazama, angesema vipi kwamba anamwogopa babake? Akasema niachieni mimi, nao wakamwachia.

Kenga alikuwa hamali bandarini. Jioni aliporudi na kuambiwa habari ya kisima, aliuweka mfuko wake chini polepole, akakaa juu ya kinu.

"Uwanjani hapa?"

"Hapa hapa, baba. Pale penye migomba."

"Wewe mtoto wajua mimi nakaaje hapa?" Kenga alikuwa mtu wa maneno machache, na alipoyatumia mengi watu wa nyumba yake walinyamaza. "Mahali hapa nilipewa kwa mdomo. Mzee Yeslam alisimama pale, akanionyesha kwa bakora, toka hapa hadi pale. Akaniambia, Kenga, jenga kwa miti na udongo, ezeka makuti, lima mahindi yako na mihogo. Usitie jiwe. Usitie saruji. Usipande mnazi. Maana mihogo hung'olewa ikaisha, lakini mnazi ukishasimama, na jiwe likishasimama, mtu huanza kusema hapa ni pangu. Nikamwambia ndiyo, bwana. Tangu siku ile ijara yake ya ardhi nampa na mdomo wangu naufunga. Sasa wewe waniletea kisima?"

"Awadh ameshasema na babake."

"Amesema?"

"Amesema."

"Na mzee akajibu nini?"

Nguma aliona akilini kiti cha nyuma, akaona wenzake wakimcheka. "Amekubali," akasema.

Hakujiona mwongo. Alijiona ameutangulia ukweli hatua chache tu, na kwamba ukweli wenyewe uko njiani waja.

Ndani, mlango wazi, Kache mkewe Kenga alikuwa akimnywesha uji mama mkwe wake. Bibi huyo jina lake Kanze, ila hapo nyumbani wote walimwita hawe, ndivyo Wagiriama wanavyomwita bibi. Hawe alikuwa hainuki kitandani tangu mwaka uliopita, na kifua chake kilikuwa kikikoroma usiku na mchana. Kache akatoka na bakuli mkononi.

"Mgonjwa huyu nafua nguo zake kila siku," alisema. "Maji nayatoa wapi? Shingo yangu hii si ya chuma, baba Nguma. Kama mwenye shamba amekubali, sisi ni nani tukatae?"

Kenga akamtazama mkewe, akatazama madebe matupu yaliyokuwa yamepangwa ukutani. "Basi," akasema. "Maadamu mzee amekubali."

Walichimba kwa nyimbo. Watu waliosoma, mikono laini, wakashika sururu na mtaimbo mpaka malengelenge yakapasuka, na wapita njia wakasimama kuwatazama na kuwasifu. "Harambee!" anaita Ghanim kutoka shimoni. "Hee!" wanaitika walioko juu, na ndoo ya udongo inapanda. Awadh naye alichimba kwa bidii kuliko wote. Kila jioni alikwenda kwao na azma ya kumwambia babake, kila usiku akalala hajasema. Na kazi ilivyokuwa ikisonga mbele ndivyo neno lenyewe lilivyozidi kuwa zito, kwa sababu sasa asingekuwa anaomba ruhusa tena, angekuwa anakiri kosa.

Maji yalipotoka yalikuwa matamu. Hee! Wanawake walipiga vigelegele. Nguma alimbeba hawe mgongoni akamtoa nje, Kache akamwekea kata mdomoni, na bibi yule akanywa, akalamba midomo, akasema, "Mulungu awabariki watoto hawa." Kenga mwenyewe alinawa uso kwayo, akasimama hapo maji yakimchuruzika kifuani, anacheka peke yake. Tangu amjue, Kache alikuwa hajamwona mumewe akicheka hivyo.

Wakajenga mdomo wa kisima kwa mawe na saruji. Saruji ingali mbichi, Milcah akachukua msumari akaandika kwa herufi kubwa nzuri za kimwalimu. Kenga, ambaye hakujua kusoma, akauliza pale pameandikwa nini.

"Kisima cha Kenga," Nguma akamsomea, meno yote nje.

Kicheko kikamkauka Kenga usoni. "Futeni hilo."

"Ni heshima yako, mzee," akasema Milcah. "Wewe ndiye uliyetoa uwanja."

"Sikutoa uwanja mimi. Sina uwanja wa kutoa. Futeni, wanangu, nawaomba."

Wakamcheka kwa mapenzi. Walidhani mzee anaona haya kusifiwa mbele za watu, na Milcah akasema kwamba unyenyekevu kama huu ndio nchi inaouhitaji. Saruji ikakauka.

Mzee Yeslam alikuja kwa miguu baada ya alasiri, kanzu safi, bakora mkononi, msimamizi wake nyuma. Alibisha hodi kama mgeni. Kache akatandika jamvi, lakini mzee hakukaa jamvini. Alikwenda akakaa juu ya mdomo wa kisima.

"Shikamoo, bwana," Kenga akasema.

"Marahaba, Kenga. Mama yuwaendeleaje?"

"Vivyo hivyo, bwana. Kifua."

"Mungu atampa afueni. Nipe maji ninywe."

Nguma akavuta ndoo. Mzee akanywa kwa vituo, akashukuru, akajipangusa ndevu kwa kitambaa. "Maji matamu," alisema. "Sikujua kama shamba langu lina maji matamu hivi." Kisha akayagusa maandishi kwa ncha ya bakora. "Mimi macho yangu yamezoea herufi za Kiarabu. Ewe kijana, si umesoma? Nisomee."

Nguma akasoma.

"Sikio langu hili zito. Soma tena."

Akasoma tena, na msimamizi akawa anatabasamu.

"Kisima cha Kenga," mzee akarudia kwa upole. "Mimi sikuja kugombana. Miaka yote hii hatujakosana, mimi na wewe. Ila mtu akitaka ardhi yangu naona bora aniambie."

"Bwana, naapa si mimi! Ni vijana, na Awadh mtoto wako ndiye—"

"Awadh hajaniambia kitu. Awadh hata salamu hunipa akitazama miguu yake."

Kenga akageuka akamtazama mwanawe. Nguma akatazama chini. Hapo kila mtu uwanjani akajua kila kitu.

"Huko mabarazani watu wanong'ona," akaendelea Mzee Yeslam. "Wasema Uhuru ukija, kila mtu na pale alipokaa. Haya, waseme, mdomo haulipiwi. Lakini wewe umetangulia kutia jiwe, na juu ya jiwe ukatia jina. Nikinyamaza, kesho nina visima mia na majina mia. Basi, Kenga, miti ni yako, makuti ni yako, chukua. Migomba nitakulipa, mimi si dhalimu. Jumapili nataka uwanja mweupe."

"Jumapili hii, bwana? Nina mgonjwa! Na mvua hizi za vuli zishafika mlangoni!"

"Mimi si mwenye mvua."

Kache alipiga magoti. Alipiga magoti pale pale mavumbini, mwanamke wa watu, mbele ya msimamizi aliyekuwa akimchungulia. Mzee akainuka, akazunguka upande wa pili ili asimkanyage.

"Na kisima, bwana?" akauliza Nguma.

Mzee akamtazama kwa mshangao wa kweli. "Kisima hubebwa?"

Vijana wakakutana kwa dharura darasani. Jumapili hiyo hiyo ndiyo ilikuwa siku ya kukifungua kisima, na wageni walikwisha alikwa. Bwana Mudir, afisa wa serikali, alikwisha itikia, walimu wa misheni vilevile. Milcah alilia. Alilia kwa kwikwi mpaka Ghanim akampa kitambaa, na alipomaliza kulia akasema sherehe haiwezi kuahirishwa.

"Naumia, Nguma, Mungu ajua naumia. Lakini mradi huu ni wa umma. Hauwezi kusimama kwa ajili ya nyumba moja."

"Lile jina tulibandue," Ghanim akasema. "Nitaleta patasi. Tuandike la Mzee Yeslam, moyo wake utapoa."

Nguma alikuwa akimtazama Awadh. "Ulisema tukuachie wewe."

"Nitasema naye," Awadh akajibu, masikio yamemwiva. "Wallahi leo hii nitasema naye."

Kesho yake Awadh akamfuata Nguma barabarani, amechangamka. "Nimesema naye! Amelainika. Yule mzee ataka heshima yake tu, hana jingine. Siku ya sherehe wewe simama, umshukuru mbele za watu. Sema ardhi ni yake, kisima ni chake, na nyinyi ni wapangaji wake tu. Akisikia hivyo atawaacha hadi mvua ziishe."

Nguma akamshika mkono kwa mikono yake miwili. Akatoka mbio hadi nyumbani. Kenga alikuwa juu ya paa, ameshavua makuti ya upande mmoja.

"Shuka, baba! Tumeachiwa hadi mvua ziishe!"

"Nani kasema?"

"Awadh amesema naye."

"Hilo la Awadh amesema naye nilikwisha lisikia," akajibu Kenga kutoka huko juu. "Jumapili nitasikia kwa mwenyewe." Makuti aliyoyavua hakuyarudisha. Lakini aliyobaki hakuyavua, maana hata yeye alikuwa ameanza kutumaini.

Jumapili zikaletwa sufuria za pilau, na kwa kuwa wapishi walihitaji kivuli na moto, wakachukua jiko la Kache. Kache mwenyewe akapewa sahani aoshe. Chumba cha hawe kilikuwa hakina paa tena, jua linapiga kitandani, kwa hiyo walikuwa wamemtoa nje na kitanda chake, chini ya ubavu wa nyumba penye kivuli kidogo. Milcah alipofika akaona kitanda, akaona na viti vya wageni vinakielekea.

"Mama Nguma, samahani," alisema kwa adabu. "Bwana Mudir atakaa hapa mbele. Hatuwezi kumrudisha bibi ndani?"

"Ndani hakuna paa, mwanangu."

Milcah akafikiri, akaenda akaleta leso mbili, akazifunga kwenye kamba mbele ya kitanda. Leso zilikuwa na maua mekundu na zilipendeza. Nyuma yake hawe akawa anakohoa, na kila akikohoa Milcah aligeuka kidogo.

Wakahutubu. Awadh alisema kwamba vijana ndio nguzo ya taifa. Ghanim alisoma majina ya waliotoa michango. Bwana Mudir, Mzee Yeslam kando yake, alifungua kisima, akanywa, akapigiwa makofi. Juu ya saruji pale pa jina la zamani palikuwa na kovu la patasi, na chini yake jina la Mzee Yeslam kwa rangi nyeusi. Ndipo Milcah akatangaza kwamba sasa mtoto wa nyumba hii atatoa neno la shukrani.

Nguma alisimama ndani ya shati la kuazima. Alimwona mamake jikoni, mikono ndani ya maji ya sahani, amesita. Alimwona babake kando ya nyumba, ameegemea nguzo. Akazungumza. Alizungumza Kiswahili kizuri, hata wazee wa mjini wakatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Kwa niaba ya wazazi wangu namshukuru Mzee Yeslam. Ardhi hii ni yake na ya baba zake. Sisi hatuna haki juu yake, hatukuwa nayo jana, wala kesho hatutakuwa nayo. Tumekaa hapa kwa hisani yake. Kisima hiki ni chake. Kama kuna aliyefahamu vingine, alikosea, nasi twaomba radhi."

Makofi! Mzee Yeslam akainuka, uso umemkunjuka, akamwekea Nguma mkono begani.

"Bwana Mudir umesikia," alisema. "Walimu mmesikia, jirani mmesikia. Mtoto wa Kenga, aliyesoma, kwa kinywa chake, mbele ya serikali. Wala sikumfundisha. Nilikuwa na wasiwasi kidogo, msinicheke, nyakati zenyewe hizi. Leo nitalala. Haya, bismillahi, tuleni."

Watu wakaanza kula. Nguma akabaki amesimama karibu na kiti cha mzee, akisubiri. Aliposhindwa kusubiri akainama. "Ahsante, bwana, kwa kutuacha hadi mvua ziishe."

"Kuwaacha?" Mzee alikuwa na tonge mkononi. "Nani kasema hayo?"

"Awadh... alisema mmezungumza."

Mzee hakupaza sauti. "Awadh! Njoo hapa."

"Labeka, baba." Awadh akaja, akasimama hatua mbili kabla ya kufika, palepale ambapo mlango ungekuwa.

"Wewe umesema nami habari ya hawa?"

Bwana Mudir alikuwa akichagua kipande cha nyama. Milcah alikuwa na birika la chai mkononi, amekodoa macho. Awadh alitazama miguu yake.

"La, baba," akasema.

"Haya, kawanawishe wageni." Kisha mzee akamgeukia Nguma, na kusema kweli hakuwa na chuki naye hata chembe. "Leo ndiyo Jumapili, mwanangu. Ngojeni wageni waondoke kwanza, vumbi lisiingie kwenye chakula."

Wakangoja. Wageni wakala, wakanywa, wakaagana kwa kirefu. Milcah alikuja wa mwisho, macho mekundu. Alisimama mbele ya kitanda cha hawe akishikashika ncha za kamba.

"Nguma, nisamehe," akasema. "Leso hizi ni za mama."

Akazifungua, akazikunja vizuri, akaenda zake. Upande wa bahari mawingu yalikuwa yamejaa.

Kenga alikuwa ameshapanda paani. Makuti yalianguka moja baada ya jingine, na Kache akawa anayapanga bila kuinua kichwa. Nguma alivua shati la kuazima, akasogea chini ya paa, akasimama pale kama mtu aliyepotea. Alitaka apigwe. Alitaka babake ashuke amshike kooni, kila mtu aone.

"Baba," akaita. "Baba, sema neno."

Kenga aliulegeza mwamba wa paa, akauteremsha upande mmoja, akautazama uso wa mwanawe kutoka juu.

"Tangu nipewe mahali hapa," akasema, "nimelipa ijara, nimeitika ndiyo bwana, nimefunga mdomo. Lakini kwamba sina haki, si jana wala kesho, hilo sijapata kulitamka kwa ulimi wangu. Nilikuwa naliogopa." Akaushika mwamba vizuri. "Umenitamkia wewe. Haya, shika huku."